Paa la Kioo Limepata Ufa na Gari Bado Jipya: Nini Kifanyike, Kwa Mpangilio

Gari limetoka shorumu juzijuzi, nailoni za viti bado hujazitoa, na leo jua lilipopanda umeona mstari mwembamba unapita juu ya kichwa chako, kutoka ukingoni mwa paa kuelekea katikati. Swali linalokuja haraka ni nani atalipa. Liweke kando kidogo. Muuzaji, kampuni ya bima na hata fundi, wote watakujibu kwa kuangalia kitu kimoja: ufa ulianzia wapi. Na ushahidi wa hilo unazidi kupotea kila ukipita tuta, kila ukilianika gari juani, na kila mtu anapopitisha kidole "kuhakikisha".

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuuhifadhi ufa kama ulivyo. Madai yaje baadaye.

Hatua ya 1: Liegeshe, na uache kulisumbua

Litafutie kivuli, ila si chini ya mwembe wala mnazi. Hapo unaongeza tatizo la pili. Usilimwagie maji baridi likiwa limetoka juani na usiwashe kiyoyozi kwa nguvu zote. Tofauti ya joto kati ya sehemu moja ya kioo na nyingine ndiyo inayovuta ufa uendelee. Paa likiwa la kufunguka, usilifungue hata kwa kujaribu tu, kwa sababu likisogea kwenye reli zake linajipinda. Teremsha dirisha moja kidogo kabla ya kufunga mlango. Mlango ukibamizwa vioo vyote vikiwa vimefungwa, hewa iliyobanwa ndani inalisukuma paa kutoka chini.

Na usilipeleke kuoshwa. Vijana wa kuosha magari hawana kosa, lakini mashine ya maji ya presha haijui ufa ni nini.

Hatua ya 2: Jua ni kioo cha aina gani

Hapa watu wengi wanapita haraka, halafu wanabishana na shorumu kwa wiki mbili bila kujua wanabishania nini.

Mapaa ya magari yana vioo vya aina mbili. Cha kwanza ni kile kilichokazwa kwa moto: kinapashwa joto kupita nyuzi 600 za Selsiasi, kisha kinapulizwa hewa ili uso wake upoe haraka kabla ya sehemu ya katikati. Uso unabaki umebanwa, na ndiyo maana kinastahimili kishindo kuliko kioo cha kawaida. Lakini kikishindwa hakipati ufa. Kinasambaratika chote kwa mara moja, vipande vidogovidogo kama punje za mahindi. Cha pili ni cha tabaka mbili zilizogandishwa na utando wa plastiki katikati, kama kioo cha mbele. Hiki ndicho kinachopata ufa kisha kikabaki mahali pake.

Maana yake, ukiwa na mstari unaoweza kuutazama na kuupiga picha kwa utulivu, karibu hakika paa lako ni la tabaka mbili. Thibitisha kwa kusoma mhuri mdogo kwenye kona ya kioo. Mara nyingi utakuta neno Tempered kwa kile cha kukazwa au Laminated kwa cha tabaka. Vioo vilivyoidhinishwa kwa kanuni za Umoja wa Mataifa huwa na herufi E ndani ya duara pamoja na namba ya nchi iliyoidhinisha, E1 kwa Ujerumani au E43 kwa Japani, na karibu yake maandishi 43R. Ukiona XI kwa namba za Kirumi, hicho ni cha tabaka. V peke yake inasema tu kwamba kioo kinapitisha mwanga chini ya asilimia 70, jambo la kawaida kwa kioo cha paa.

Wengine wakiona jina la mtengenezaji kwenye paa si lile lililo kwenye vioo vya milango, wanaruka na kusema gari lilishabadilishwa paa. Si lazima. Viwanda vingi hununua paa zima likiwa limeshaundwa, pamoja na reli na mota zake, kutoka kampuni kama Webasto ya Ujerumani au Inalfa ya Uholanzi. Tofauti ya mhuri ni sababu ya kuuliza, haitoshi kumwita mtu tapeli.

Hatua ya 3: Usome ufa

Chukua kalamu ya kawaida ya wino na uipitishe ncha yake polepole juu ya ufa kutoka nje, bila kugandamiza. Unatafuta mahali ambapo ncha inanasa kwenye kishimo. Ukikipata, hata kikiwa kidogo kama kichwa cha pini, hapo kuna kitu kiligonga: jiwe la lori, tunda, au mpira wa watoto wa jirani ambao hakuna atakayekubali kuwa wake. Ufa wa kugongwa huwa na kitovu. Mistari inatawanyika kutoka hapo kama nyota, au kuna kipande cha nusu mwezi kilichong'oka.

Kalamu ikiteleza mwanzo hadi mwisho bila kunasa, fuata mstari hadi unapokutana na ukingo. Ufa unaoanza pembeni kabisa, ukiingia kwa pembe mraba kama fito iliyochomekwa ukutani, halafu ndipo unapojikunja, kwa kawaida ni wa joto: katikati ya kioo kumepata moto na kupanuka, na ukingo uliofichwa kwenye fremu umebaki baridi na kuvutwa. Ukingo wenye kasoro ndogo ya kukatwa kiwandani hauhimili mvuto huo. Ufa unaoanzia kwenye skrubu, kwenye kona ya fremu, au mahali gundi ilipowekwa nene upande mmoja na nyembamba upande mwingine, unaelekeza kwenye namna kioo kilivyofungwa. Barabara zetu za makorongo zinachangia, kwa sababu bodi ya gari hujipinda kidogo kila tairi moja linapozama shimoni. Lakini gari linalouzwa hapa linatakiwa lihimili barabara za hapa. Usikubali hoja ya "hizi barabara zenu" kutoka kwa mtu anayekuuzia gari hilohilo kwa barabara hizohizo.

Kisha pitisha ukucha kwa nje na kwa ndani. Ukiusikia ufa upande mmoja tu, tabaka moja ndilo lililokwenda na paa bado linashikilia. Ukiusikia pande zote mbili, mvua itaingia na gari lisitembee zaidi ya safari ya kwenda kwa fundi.

Kama paa lako lilikuwa la kukazwa na limekwisha kulipuka, wengi husema lilitoa mlio kama wa bunduki, usikimbilie ufagio. Vipande vikiwa bado vimeshikana, kwa mfano kwa sababu ya tinti, tafuta pale mistari yote inapotokea. Mara chache hukutwa vipande viwili vikubwa kuliko vingine, vimekaa ubavu kwa ubavu mfano wa mabawa ya kipepeo, na kidoa kidogo kwenye mpaka wao. Hiyo ni alama ya chembe ya nikeli salfaidi iliyobaki ndani ya kioo tangu kiwandani na kupanuka taratibu mpaka kioo kikashindwa. Ni nadra, lakini ukiipata, piga picha na uvihifadhi vipande hivyo viwili kwenye mfuko. Vinasema zaidi ya barua yoyote.

Hatua ya 4: Picha, leo hiihii

Piga gari zima namba ikionekana, paa zima kutoka juu, ufa wote, mwanzo wa ufa kwa karibu ukiwa na sarafu pembeni ya kulinganisha ukubwa, mhuri wa kioo, namba ya chasisi na dashibodi inayoonyesha kilometa. Bandika kipande kidogo cha utepe wa karatasi wenye gundi pale ufa unapoishia, andika tarehe na saa juu yake, upige picha. Kesho ukiwa umesogea utakuwa na kipimo. Rekodi video moja ya kalamu ikipita bila kunasa. Kisha jitumie zote kwa barua pepe ili zibaki na tarehe, simu huibiwa.

Hatua ya 5: Funika kwa muda

Selotepu pana iliyo wazi juu ya ufa inazuia maji na vumbi. Ibandike juu ya kioo tu, kwani gundi ikikaa juani kwenye rangi inaacha alama. Paa lililokwisha sambaratika lifunikwe kwa nailoni nzito, na pazia la ndani lifungwe. Usipake silikoni wala gundi ya aina yoyote. Unafuta ushahidi na unampa muuzaji sababu ya kusema umelichezea.

Pia acha kwanza kuchonga namba ya usajili kwenye paa. Najua tunachonga vioo na taa zote kwa sababu ya wezi wa spea, na kwa vioo vya pembeni nawaelewa. Ila mchongo unakwaruza uso wa kioo, na shorumu watauonyesha huo kabla ya kitu kingine. Tinti nyeusi ya paa ni hivyohivyo: inafanya kioo kinywe joto zaidi. Kama uliiweka baada ya kununua, jiandae kulijibu swali hilo.

Hatua ya 6: Waandikie waliokuuzia

Kupiga simu ni sawa kama salamu, lakini madai yawe kwenye maandishi, na yapelekwe ndani ya siku moja au mbili. Barua haihitaji Kiswahili cha mahakamani:

*Ndugu Meneja,*
*Nilinunua kwenu gari (aina, namba ya chasisi) na kukabidhiwa tarehe (…). Leo tarehe (…), likiwa limetembea kilometa (…), nimekuta ufa kwenye paa la kioo. Ufa unaanzia kwenye ukingo wa (kulia/kushoto) na hauna alama ya kugongwa. Picha na video nimeambatanisha. Gari halijapata ajali wala kufanyiwa matengenezo yoyote ya paa.*
*Naomba mlikague mbele yangu, mnipe matokeo ya ukaguzi kwa maandishi, na mlibadilishe paa hilo chini ya waranti. Naomba jibu kabla ya tarehe (…).*

Kama unapeleka kwa mkono, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Andika ulichokiona tu. Ukiandika "nadhani ni kokoto", sentensi hiyo ndiyo watakayoifanyia kazi.

Siku ya ukaguzi uwepo. Utasikia "mkubwa, hilo ni jiwe tu" kabla hata mtu hajapanda kulitazama. Mpe kalamu, mwambie kwa upole, "Sawa kaka, nionyeshe lilipogonga." Akishindwa kuonyesha, mwombe aandike hivyo kwenye fomu ya ukaguzi. Usilumbane na kijana wa mapokezi. Hana mamlaka ya kukubali wala kukataa, na kesho utamhitaji akutafutie faili lako.

Hatua ya 7: Isome waranti kwa jicho la muuzaji

Waranti nyingi zinaondoa vioo vilivyovunjika, halafu maneno machache mbele zinavirudisha: isipokuwa kama chanzo ni kasoro ya malighafi au ya utengenezaji. Kazi yote uliyofanya na kalamu ilikuwa kwa ajili ya maneno hayo machache.

Angalia pia kama magari ya aina yako yamewahi kuitwa na kiwanda yarudishwe kurekebishwa kasoro. Si jambo geni. Mwaka 2012 Hyundai iliita magari 13,500 hivi ya Veloster huko Marekani kwa sababu mapaa yake ya kioo yangeweza kuwa yamedhoofishwa yalipokuwa yakifungwa kiwandani. Unaweza kutafuta kwa namba ya chasisi kwenye tovuti ya kiwanda. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani yana namba fupi kuliko zile za tarakimu na herufi 17, hivyo tovuti za Marekani hazitazitambua; tafuta kwenye tovuti ya Kijapani ya kampuni yenyewe.

Hatua ya 8: Bima, lakini si kwa pupa

Kama ni jiwe, shorumu hawadaiwi kitu na njia yako ni bima kubwa. Bima ndogo inawalipa watu wengine tu, kwa hiyo haigusi paa lako. Ukiwa na bima kubwa, tafuta kwenye mkataba kifungu cha vioo. Kwa wengi kina kikomo chake cha pesa, na mara nyingine kinataja kioo cha mbele na vya madirisha bila kutaja paa. Mwombe wakala akuandikie, kwa barua pepe, paa linaangukia wapi: kwenye kifungu cha vioo au kwenye madai ya kawaida ya uharibifu. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kiasi utakachojilipia mwenyewe, na kama utapoteza punguzo la kutodai mwaka ujao.

Taarifa wapewe mapema hata kama unaendelea na shorumu, kwa sababu mikataba ina muda wa kutoa taarifa. Kutoa taarifa si kufungua madai; liseme hilo waziwazi. Na usiwaambie bima ni jiwe huku ukiwaambia shorumu ni kiwanda. Faili hizo mbili zinaweza kukutana. Kama gari ni la mkopo, benki nayo ijulishwe, kwani ina haki kwenye bima hiyo.

Kwa gari lililokuja na meli

Kwetu "gari jipya" kwa wengi ni lile lililoshuka Dar es Salaam au Mombasa kutoka Japani wiki hii. Hapo hakuna waranti ya kiwanda ya kukimbilia, ila kuna picha za mnada na karatasi ya ukaguzi wa mnada. Kama paa halikuwa na ufa kwenye bandari ya Yokohama, Japani, na lina ufa kwenye bandari ya hapa, umeharibikiwa njiani. Kanuni za Hague za mwaka 1924, ambazo hati nyingi za usafirishaji wa meli zimejengwa juu yake, zinataka taarifa ya maandishi itolewe unapopokea mzigo kama uharibifu unaonekana, au ndani ya siku 3 kama hauonekani. Muda wa kufungua kesi ni mwaka 1. Kwa hiyo wakala wako wa forodha alikague paa kabla gari halijatoka getini, na aandike ufa kwenye hati ya kupokelea. Ukishalifikisha Dodoma au Kisumu ndipo ukaliona, kila mtu atasema ulipata njiani, na pengine ni kweli.

Wakigoma

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214 kwa Tanzania na Sura ya 31 kwa Kenya, inamtaka mfanyabiashara auze bidhaa yenye ubora unaostahili. Zote mbili zinazungumzia pia kukubali bidhaa: ukikaa nayo muda mrefu bila kulalamika, unahesabiwa umeikubali na haki ya kuirudisha inaondoka, unabaki na fidia tu. Ndiyo sababu nimesisitiza barua ya mapema.

Tanzania, malalamiko ya mtumiaji yanapelekwa Tume ya Ushindani, FCC. Ya bima yanaanzia kwa kampuni yenyewe, kisha kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Kenya kuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012, na Mahakama ya Madai Madogo inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1 na inayotakiwa kuamua ndani ya siku 60. Gharama ya paa mara nyingi inaingia humo. Mara nyingi barua inayotaja tu mlango huo inatosha kumfanya meneja apige simu.

Hatua ya mwisho: Kubadilisha

Usishawishike na dawa ya kujazia ufa. Ile resini inafaa kwa kishimo kidogo cha jiwe kwenye kioo cha tabaka. Ufa mrefu unaofika ukingoni hauponi, na kioo cha kukazwa hakitengenezeki kabisa.

Ukijilipia mwenyewe na kwenda kwenye maduka ya spea ya mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, kioo kilichotoka kwenye gari lililokatwa kinaweza kufaa, mradi ukikague ukingoni kote kwa kidole kilichovaa glovu. Kijino kidogo pembeni ndicho mwanzo wa ufa ujao. Hakikisha mhuri ni wa aina ileile ya kioo, tabaka kwa tabaka.

Fundi aondoe gundi ya zamani, apake dawa ya kushikishia, kisha gundi ya poliurethini, siyo silikoni ya madirisha ya nyumba. Gundi hiyo hukauka kwa kunywa unyevu wa hewa, kwa hiyo Tanga au Mombasa itashika haraka kuliko Dodoma wakati wa kiangazi. Muda wa kusubiri kabla ya kuendesha umeandikwa kwenye mrija wake, uusome wewe mwenyewe. Mwonye kuhusu kingo za dari: magari mengi yana mifuko ya hewa ya pazia (airbag) iliyokunjwa hapo, na kitambaa cha dari hakivutwi kwa nguvu.

Kama paa la zamani lilisambaratika, vipande vimeingia kwenye reli na kwenye mirija ya kutolea maji iliyo kwenye kona za paa. Vifyonzwe kwa mashine, visipulizwe, maana vikipulizwa vinashuka ndani ya mrija na kuuziba. Gundi ikishakauka, mimina kikombe cha maji kwenye kila kona, uone yanatokea chini ya gari karibu na matairi. Yasipotoka, gari lisiondoke gereji. Yakitoka, chukua risiti inayotaja aina ya kioo na muda wa dhamana ya kazi, na ipige picha kabla wino wa mashine haujafifia.